Dk. Williamson wa Mwadui: alijua kupanga, hakuandaa wa kumpokea

Ukitoka Ushirombo, ukapita Kahama na Tinde mpaka Shinyanga mjini, kisha ukashika barabara ya Mwanza, unafika Maganzo. Hapo ndipo pa kuchepukia Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma somo la biashara hukariri kwamba kazi za menejimenti ni kupanga, kugawa kazi, kupata na kuandaa watu, kuongoza na kudhibiti. Wanajibu mtihani, wanasahau. Maisha ya mtu aliyegundua mgodi huo, Dk. John Thoburn Williamson, yanaonyesha kazi hizo zinavyofanyika katika biashara ya kweli, na yanaonyesha pia inakuwaje moja ikiachwa.

Alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alisoma jiolojia Chuo Kikuu cha McGill mpaka shahada ya udaktari, aliyoipata mwaka 1933. Baada ya hapo alikuja Afrika. Alifanya kazi kwanza Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaingia Tanganyika na kuajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kusini mwa Mwanza. Kampuni ile ilipokata tamaa, yeye aliendelea.

Hapa ndipo inapoanza kazi ya kupanga, na wengi wetu tunaielewa vibaya. Mtu akisikia kwamba mzungu mmoja aliokota almasi chini ya mbuyu, kama inavyosimuliwa, anadhani ni bahati. Williamson alikuwa na hoja. Almasi chache za Mabuki zilikuwa kwenye changarawe, na changarawe hubebwa na maji. Kwa hiyo kulikuwa na mwamba mahali fulani uliozitoa. Alichukua sampuli eneo baada ya eneo, akitafuta madini meusi mazito ambayo hufuatana na almasi, na akasogea kuelekea yalikozidi. Kazi hiyo ilichukua miaka, fedha zikiwa kidogo. Machi 1940 almasi ilipatikana Mwadui. Mwamba wenyewe ulikuja kupimwa ukawa na ukubwa wa hekta 146 hivi juu ya ardhi, miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya aina hiyo iliyowahi kuchimbwa duniani.

Kupata mwamba na kuwa na mgodi ni vitu viwili tofauti. Kila mwenye duara huku kwetu anajua hilo. Unaweza kuwa umekaa juu ya dhahabu na usiwe na hela ya kamba, magogo wala chakula cha vijana walio chini. Williamson naye alihitaji mfadhili. Alimpata kwa wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye alimsaidia kwa fedha na kwa mambo ya sheria, akapata hisa katika kampuni. Kampuni ya Williamson Diamonds iliundwa mwaka 1942. Ilikuwa katikati ya Vita Kuu ya Pili, mitambo mipya ilikuwa adimu, na mgodi ulianza kwa vifaa vya kuungaunga. Mitambo mikubwa ilikuja baadaye, ikinunuliwa kwa fedha za almasi zenyewe.

Kufikia miaka ya 1950 Mwadui ilikuwa mji. Kulikuwa na umeme, hospitali, shule, bwawa la maji na uwanja wa ndege. Tusifiche upande wa pili: ulikuwa wakati wa ukoloni, na makazi, mishahara na vyeo vilifuata rangi ya mtu. Lakini Williamson alielewa kwamba mgodi ulio porini hauwezi kubaki na mafundi kama hakuna mahali pa wao kuishi. Kugawa kazi na kuongoza watu kunaanzia hapo.

Udhibiti ulikuwa mkali zaidi. Almasi moja inafichika kwenye kiganja, na thamani yake inaweza kuzidi mshahara wa miaka. Eneo la mgodi lilizungushiwa uzio na ulinzi ukawa mzito. Anayeendesha karasha anaijua hofu hiyo: mifuko imeingia mingapi, kilichotoka ni gramu ngapi, na nani alikuwepo.

Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson hakuiuza. Alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, iliyofanyika Novemba mwaka huo. Ilipokatwa ilibaki karati 23.6, ikatiwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Kwa mtazamo wa biashara, mimi naona hakuna tangazo lingelipa zaidi ya lile, ingawa huenda mwenyewe hakulitoa kwa nia hiyo.

Mahali alipoonyesha ukomavu hasa ni kwenye soko. Wakati ule kundi la De Beers ndilo lililoshika mauzo ya almasi karibu dunia nzima. Williamson alikubali kuuza kupitia mfumo wao, kisha wakagombana kuhusu masharti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizuia almasi zake, akaziweka, akasubiri mpaka alipopata makubaliano yaliyomridhisha. Aliweza kusubiri kwa sababu hakuwa akidaiwa. Mchimbaji ambaye mfadhili wake amesimama mlangoni na mwenye duka la dawa anamtafuta huuza dhahabu jioni ileile, kwa bei yoyote anayotajiwa. Akiba katika biashara inaweza kumpa mwenye nayo nguvu ya kusema hapana.

Sasa ile kazi aliyoiacha. Williamson alikuwa mtu wa peke yake. Hakuoa na hakuwa na mtoto. Mgodi ulimzunguka yeye: ndiye aliyekuwa mtaalamu, mwenye hisa nyingi na msemaji wa mwisho. Mfumo huo ulifanya kazi alipokuwa na nguvu. Lakini saratani ya koo ilimpata akiwa bado hajazeeka, na Januari 1958 alifariki Mwadui akiwa na miaka 50. Hakukuwa na mtu ndani ya kampuni aliyelelewa kushika nafasi yake akiwa na hisa na mamlaka ya kuendeleza alichokisimamia.

Warithi wake walikuwa ndugu zake, na mgodi ule ulikuwa kazi ya kaka yao, si yao. Mwaka huohuo wa 1958 hisa ziliuzwa. Mgodi ukawa nusu mali ya serikali ya Tanganyika na nusu mali ya De Beers, walewale ambao Williamson aliwazuilia almasi zake ili asiamuliwe bei. Jina la Williamson bado liko kwenye kampuni inayochimba Mwadui.