LIVINGSTONE NA MTIHANI WA MASOMO MENGINE



Sisi wa mwaka wa mwisho tunaulizana kila siku: kisha diplome, tutaenda wapi? Wengine wetu tumesoma pedagojia lakini roho inataka unganga, kule Chuo Kikuu cha Kisangani ambacho Waprotestanti walikianzisha mwaka 1963. Tunaogopa mtihani wa kuingia, juu masomo yale siyo yetu. Kwa hiyo tunawaletea maisha ya David Livingstone.

Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland, katika nyumba ya kimasikini. Akiwa na miaka 10 tu aliingia kiwanda cha pamba, kazi toka saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Kwa mshahara wa juma la kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Alikiweka juu ya mashine: anapita, anasoma mstari mmoja, anarudi, anasoma mwingine. Kisha kazi, masomo ya usiku.

Mwaka 1834 alisoma mwito wa kutafuta wamisionere waganga kwa China. Mwaka 1836 akaanza unganga mjini Glasgow. Kiwanda hakukiacha: wakati wa baridi shule, wakati wa joto kazi, apate feza ya kulipia masomo.

Sasa shida ikaja. Mwaka 1838 Misioni ya London ilimpokea kwa kumjaribu, ikamtuma Ongar, Uingereza, kujifunza mambo ya dini na kuhubiri. Siku moja alipashwa kuhubiri katika kanisa la jirani. Mahubiri aliyashika yote kwa kichwa, lakini alipokwisha kusoma andiko, yakapotea. Akaomba radhi, akatoka mbio. Mwalimu wake akaandika ripoti mbaya, wakubwa wakawa karibu kumkataa. Mmoja akamtetea, wakamwongezea miezi miwili. Ilipokwisha, wakamkubali.

Novemba 1840 akashinda mtihani wa unganga. China kulikuwa vita, basi akaja Afrika. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mto uleule unaopita Kisangani. Alidhani ni Nile, hapo alikosea. Lakini kule aliona wafanya biashara ya watumwa wakiua watu sokoni, na habari alizoandika zilisaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Mwaka ule ule alikufa, katika inchi inayoitwa leo Zambia.

Tunaona nini, wandugu? Livingstone hakukosa akili. Alishindwa katika jambo ambalo kiwanda wala unganga havikumfundisha. Na miezi miwili ilimtosha juu alizoea kusoma tangu utoto. Basi mwenye kutaka kubadilisha masomo asingojee diplome. Aweke biolojia kando ya pedagojia toka leo, hata ukurasa mmoja kila usiku. Na akianguka mara ya kwanza, asione haya, aombe miezi yake miwili.

Mungu atusaidie sote.