Earl Manigault: Gwiji wa vikapu aliyetamba mitaani, ligi kuu ikamponyoka

KIJANA wa Kanyangi, kwenye mpaka wa Kitui na Makueni, anayerusha mpira jioni katika uwanja wa udongo huenda analifahamu jina la Michael Jordan na la Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyejiunga na ligi ya NBA mwaka wa 2009. Ni nadra awe amesikia habari za Earl Manigault.

Hata hivyo, katika mitaa ya New York nchini Marekani, wapo wazee wanaoapa kwamba Manigault aliwapiku wengi waliojipatia utajiri na umaarufu kwa mchezo huo. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NBA.

Manigault alizaliwa mnamo Septemba 1944 mjini Charleston, jimbo la South Carolina. Alikuwa kitinda mimba katika familia kubwa iliyokuwa maskini, na akiwa mchanga alichukuliwa kulelewa na mwanamke aliyeitwa Mary Manigault. Ni mama huyo aliyempa jina lake, na ndiye aliyehamia naye Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York.

Harlem ya miaka ya 1950 haikuwa na mengi ya kumpa mtoto maskini. Ilikuwa, hata hivyo, na viwanja vya mpira wa vikapu karibu kila pembe. Manigault alishinda humo kutwa. Alijifunga vyuma vizito kwenye vifundo vya miguu akifanya mazoezi ya kuruka, na alipovivua alijiona mwepesi kama unyoya.

Kimo chake hakikumpendelea. Alikuwa na takriban mita 1.85, urefu wa kawaida tu katika mchezo uliotawaliwa na majitu. Mungu alimjalia miguu. Kikapu huning'inia mita 3.05 kutoka ardhini, naye alikifikia bila taabu na kuutumbukiza mpira juu ya vichwa vya watu waliomzidi kimo kwa mbali.

Katika shule ya msingi ya juu aliwahi kufunga pointi 57 katika mechi moja. Mwalimu mmoja alishindwa kulitamka jina lake na kulitamka kwa namna iliyofanana na neno la Kiingereza lenye maana ya mbuzi. Wenzake walicheka, na tangu siku hiyo lakabu ya Mbuzi ikamganda.

Sifa zake zilivuma zaidi katika mashindano yaliyoanzishwa na Holcombe Rucker, mfanyakazi wa idara ya bustani za jiji aliyetaka kuwaepusha vijana na maovu ya mitaani. Kila msimu wa joto, wachezaji wa mtaani walikutana humo na nyota wa NBA, akiwemo Wilt Chamberlain. Watazamaji walipanda juu ya miti na mapaa ya nyumba ili wasikose kuona.

Ni katika viwanja hivyo ambapo Manigault alizua masimulizi ambayo hayajafa hadi leo. Inasimuliwa kwamba aliweza kuutumbukiza mpira kikapuni, akaudaka ulipotokea chini, kisha akautumbukiza tena kabla nyayo zake hazijagusa ardhi. Husimuliwa pia kwamba alikuwa akiokota sarafu zilizowekwa juu ya ubao wa kikapu, karibu mita nne kutoka ardhini.

Yapo yanayoaminika na yapo yaliyotiwa chumvi. Enzi hizo hapakuwa na kamera za kunasa michezo ya vichochoroni, hivyo ushahidi mkubwa uliobaki ni kumbukumbu za walioshuhudia.

Mmoja wa walioshuhudia hawezi kupuuzwa. Kareem Abdul-Jabbar alikulia New York akiitwa Lew Alcindor na alicheza na Manigault ujanani. Alipostaafu mwaka wa 1989 akiwa ndiye aliyefunga pointi nyingi zaidi katika historia ya NBA kufikia wakati huo, alimtaja Manigault miongoni mwa wachezaji bora zaidi aliowahi kukutana nao.

Je, ilikuwaje basi jabali kama huyo akaachwa nje ya lango?

Mkosi wa kwanza ulimpata shuleni. Akiwa nyota wa shule ya upili ya Benjamin Franklin, alifukuzwa kwa tuhuma za kuvuta bangi. Rucker hakumtupa. Alimsaidia kupata nafasi katika shule ya Laurinburg, jimbo la North Carolina, ambako alikamilisha masomo yake.

Vyuo vingi vilimmezea mate. Alichagua Johnson C. Smith, chuo cha watu weusi mjini Charlotte, lakini hakudumu. Kocha alipenda mchezo wa taratibu na nidhamu kali, naye alikuwa amelelewa na uwanja wa mtaani ambako mchezaji hujiamulia. Masomo nayo yalimlemea. Muhula mmoja ulitosha. Akafunga virago na kurejea Harlem.

Yafaa ikumbukwe kwamba katikati ya miaka ya 1960 NBA ilikuwa na timu tisa pekee. Nafasi zilikuwa chache mno, na njia ya kawaida ya kuzifikia ilipitia vyuo vikuu. Aliyeacha chuo alikuwa ameupa mgongo mlango huo.

Aliporudi, mtaa ulimpokea kwa sumu. Heroini ilikuwa imeienea Harlem, na Manigault akatumbukia humo. Miguu iliyokuwa ikipaa sasa ilimpeleka kutafuta pesa za kununulia dawa, na wizi ukawa desturi. Mwaka wa 1969 alikamatwa kwa kupatikana na dawa za kulevya, akafungwa gerezani kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Wakati huo ndipo mwandishi Pete Axthelm alipochapisha kitabu kuhusu mpira wa vikapu jijini New York, mwaka wa 1970, na kumtangaza Manigault kwa taifa zima. Mmiliki wa Utah Stars, timu ya ligi ya ABA iliyoshindana na NBA, alimpa nafasi ya kujaribiwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwili ulikuwa umedhoofishwa na heroini, na hakufuzu.

Hapo wengi wangekata tamaa kabisa. Manigault alirudi mtaani akaanzisha mashindano ya vijana katika uwanja ulio barabara ya 99 na Amsterdam Avenue, akiwahimiza wajiepushe na dawa za kulevya. Yaliyomkuta yeye ndiyo yaliyokuwa somo lake.

Hata hivyo, safari ya kujinasua haikunyooka. Alianguka tena, na mwaka wa 1977 alikamatwa kuhusiana na njama ya wizi, akafungwa takriban miaka miwili. Alipotoka, aliwachukua wanawe wawili akahamia nao Charleston alikozaliwa, ili kuwatoa katika mazingira yaliyomwangamiza.

Moyo wake ulikuwa umeharibika, na alifanyiwa upasuaji. Baadaye alirejea New York na kuendelea kuwafunza watoto katika uwanja uleule, akiwa mtu mzima aliyekonda, asiyeweza tena kuruka.

Mwaka wa 1996 filamu kuhusu maisha yake ilionyeshwa kwenye runinga ya Marekani, mwigizaji Don Cheadle akiwa ndiye Manigault. Miaka miwili baadaye, Mei 1998, moyo wake ulishindwa. Aliaga dunia jijini New York akiwa na umri wa miaka 53.

Hakuacha medali wala rekodi yoyote katika vitabu vya NBA. Aliacha uwanja mmoja ambao wakazi wanauita kwa lakabu yake, na vijana kadha wa kadha waliomsikiliza wakaepuka sindano. Kwa mchezaji anayejiona ana kipaji lakini hana wa kumshika mkono, iwe Harlem au Kanyangi, maisha ya Manigault yanaonyesha kwamba kipaji pekee hakifungui lango, na kwamba aliyebaki nje bado anaweza kuwaonyesha wengine njia ya kuingia.