Louis Leakey na Vigae Vyeusi vya Kabete

Jina la Dkt. Louis Leakey si geni kwa yeyote aliyekaa darasani katika somo la historia. Tunalikariri pamoja na Olduvai na Zinjanthropus, tunaliandika kwenye mtihani, halafu basi, tumesahau. Lakini ukiniuliza mimi, sehemu tamu ya maisha yake haimo kwenye mafuvu. Imo kwenye vijiwe vyeusi alivyookota akiwa mtoto, vijiwe ambavyo watu wa nyumbani kwao walidhani ni vigae vya chupa. Na msomaji mpenzi, vijiwe vya namna hiyo hiyo vimefukuliwa hapa kwetu kilimani Lukenya, mwendo mfupi tu kutoka mjini Athi River.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, ambako wazazi wake Waingereza walikuwa wamisionari wa Kanglikana. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akakisema Kikuyu kama mwenyeji, akapitia jando na wenzake wa rika lake, akapewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa mwewe. Masomo yake ya utotoni yalikuwa ya nyumbani zaidi, na muda mwingi ulimwishia porini akiwinda ndege na kutega wanyama.

Krismasi moja jamaa yao wa Uingereza alimtumia kitabu kilichosimulia maisha ya watu wa kale waliotumia zana za mawe. Mle ndani kulikuwa na habari za mashoka na vigumba, yaani zile ncha za mishale, vilivyochongwa kwa jiwe la gumegume. Kijana akawaka moto. Akatoka kwenda kutafuta vyake. Shida ilikuwa moja: hakuwahi kuliona gumegume maishani mwake, na Kabete jiwe hilo halipo! Basi akaanza kuokota kila kijiwe cheusi kinachong'aa alichokikuta barabarani mahali udongo ulipokatwa, akidhani ndilo hilo gumegume la kitabuni. Nyumbani walimcheka kwa kujaza nyumba vipande vya chupa. Wazee wa Kikuyu nao walikuwa na maelezo yao. Waliviita nyenji cia ngoma, yaani nyembe za mizimu, kwa vile vilionekana baada ya mvua kubwa kuosha udongo. Kwa maoni yangu wazee hao walikuwa karibu na ukweli kuliko hao wa chupa, maana angalau waliona kuwa ni nyembe.

Mwishowe, akiwa na umri wa miaka kama 12 au 13, alijikaza akampelekea Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho madogo ya Nairobi wakati ule. Loveridge alikuwa mtu wa ndege na nyoka, lakini hakumcheka. Alimweleza kwamba lile si gumegume bali ni obsidiani, na kwamba baadhi ya vipande vyake ni zana za kweli za watu wa kale. Hebu fikiria furaha ya kijana huyo! Tangu siku hizo alishaamua kazi atakayoifanya.

Sasa tusimame hapa kidogo, kwa sababu wengi watauliza mtu anajuaje. Obsidiani ni kioo kilichotengenezwa na volkano. Lava ya aina fulani ikipoa haraka haipati nafasi ya kujenga fuwele, hivyo huganda kama glasi. Ndiyo maana inafanana na chupa hata inavyopasuka, kwani zote mbili huacha mawimbi ya mviringo kama ya ndani ya kombe la pwani. Ukielekeza kipande chembamba kwenye jua, ukingo wake hupitisha mwanga. Lakini kigae cha chupa kina unene ulio sawasawa na mpindo wa chupa, na mara nyingine vipovu ndani yake. Kipande kilichobanduliwa na mtu kina kinundu pale kilipogongwa, mgongoni kina alama za vipande vingine vilivyotangulia kutolewa, na ukingoni kimemenywa vidogo vidogo kwa mpango. Tena usitegemee kuona pembetatu nzuri kama za kwenye sinema. Zana nyingi za hapa Kenya ni kama mwezi mchanga, ndogo kuliko kidole, upande mmoja mkali kama wembe na mwingine umefanywa butu makusudi. Wataalamu wengi wanaamini zilinatishwa kwenye uti wa mshale kwa ulimbo. Jambo la mwisho ndilo kubwa: obsidiani haitokani na udongo mwekundu wa Kabete. Asili yake ya karibu ni Bonde la Ufa, upande wa Naivasha. Kwa hiyo kila kigae alichookota Leakey kililetwa na mkono wa mtu.

Mwaka wa 1919 vita vilikuwa vimekwisha, akapelekwa shule Uingereza, baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge. Inasemwa kuwa alikishawishi chuo kikubali Kikuyu kiwe lugha mojawapo ya mtihani wake, na kupata mtahini haikuwa rahisi. Alimaliza mwaka wa 1926 kwa daraja la kwanza, akarudi Kenya kuchimba. Katika pango la Gamble karibu na Elmenteita alikuta zana za obsidiani chungu nzima, safari hii zikiwa zimepangika kwenye tabaka zake za udongo.

Kisha ikaja Olduvai, Tanganyika, mwaka wa 1931. Mjerumani Hans Reck alikuwa amekaa huko mwaka wa 1913 na hakuona zana hata moja ya mawe. Leakey alimwekea dau la pauni 10 kwamba ataipata kabla ya saa 24 kwisha tangu wafike. Akashinda! Si kwamba macho ya Reck yalikuwa mabovu. Alitafuta gumegume kama la Ulaya, na watu wa Olduvai walichonga mawe yaliyokuwa karibu nao, ikiwemo lava. Kosa la kutafuta jiwe la kitabuni Leakey alikuwa amelimaliza akiwa mtoto.

Msidhani alikuwa malaika. Mwaka wa 1932 alitangaza taya la mtu wa kale sana kutoka Kanam, karibu na Ziwa Viktoria, lakini mwanajiolojia Percy Boswell alipokuja kukagua mwaka wa 1935, Leakey alishindwa kumwonyesha kwa uhakika mahali lilipotoka. Aibu hiyo ilimfuata miaka mingi. Alimwacha mke wake wa kwanza, Frida, akamwoa Mary Nicol mwaka wa 1936. Kwenye kesi ya Kapenguria dhidi ya Mzee Kenyatta alikuwa mkalimani wa serikali ya mkoloni, mpaka mawakili wa utetezi walipompinga akajiondoa. Wakenya wengi hawakulisahau hilo. Upande mwingine, yeye na Mary walifukua zana za Olorgesailie, huko kwenye njia ya Magadi, aliongoza makumbusho ya Nairobi kwa miaka mingi, na Mary ndiye aliyeliona fuvu la Zinj mwaka wa 1959. Waandishi wengi hulitaja kama la Louis. Siyo haki.

Kioja ni kwamba uzeeni mawe yalimgeuka. Katika miaka ya 1960 alisaidia kuanzisha uchimbaji wa Calico, jimbo la California, Marekani, akiamini vipande vya mawe vya huko ni zana za kale mno. Wanasayansi wengi waliona ni mawe yaliyopasuka yenyewe kwa kugongana mtoni, na Mary alikuwa mmoja wao. Jambo hilo liliwatenganisha zaidi mume na mke. Yule aliyechekwa Kabete akiwa sahihi, safari hii hakukubali kupingwa. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 na kuzikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Miaka hiyo hiyo ya 1970 uchimbaji ulikuwa ukiendelea kwenye miamba ya Lukenya. Vilipatikana kipande cha fuvu la mtu aliyeishi zaidi ya miaka 20,000 iliyopita na zana nyingi sana. Nyingi ni za lile jiwe jeupe la kwatzi linalookoteka hapo hapo, lakini kati yake zimo nyeusi za obsidiani. Mwaka wa 1984 Harry Merrick na Frank Brown walichapisha matokeo ya kupima kemikali za obsidiani ya Kenya, kwa kuwa kila chimbuko lina mchanganyiko wake wa madini kama chuma na kalisi. Za Lukenya zililinganishwa na machimbuko ya Bonde la Ufa, na baadhi zikatambulika kuwa za upande wa Naivasha. Ni zaidi ya kilometa 100 kutoka hapa, na wakati huo hakukuwa na matatu.