Rudolphi, mtu aliyeupa jina mnyoo wa mbuzi na kondoo

Mfugaji wa Maore akichinja mbuzi aliyekonda na kulipasua tumbo lake la nne, anaweza kukuta minyoo myembamba kama uzi, yenye mistari myekundu na myeupe iliyosokotana. Ndiyo inayomnyonya mnyama damu hadi utando wa jicho unakuwa mweupe na taya linavimba kwa chini. Wataalamu huiita Haemonchus contortus. Neno contortus, yaani uliosokotwa, lilitolewa mwaka 1803 na Karl Asmund Rudolphi.

Rudolphi alizaliwa Stockholm, Sweden, mwaka 1771, kwa wazazi Wajerumani. Alisomea Greifswald, mji wa Kijerumani uliokuwa chini ya Sweden, na mwaka 1793 aliandika tasnifu juu ya minyoo ya tumboni. Kati ya mwaka 1808 na 1810 alitoa kitabu kikubwa kilichoipanga minyoo katika makundi, na kwa kazi hiyo anaitwa baba wa elimu ya minyoo. Mwaka 1810 alihamia Berlin kufundisha katika chuo kikuu kipya. Alifariki huko mwaka 1832, akiwa na miaka 61.

Hata hivyo, bingwa huyu alikosea jambo moja kubwa. Aliamini kuwa minyoo huzuka yenyewe ndani ya mwili wa mnyama. Mwaka 1915, mtafiti Veglia wa Onderstepoort, Afrika Kusini, alieleza kwa kina maisha ya mnyoo huu: mayai hutoka na kinyesi, mabuu huanguliwa na kukua, kisha hupanda majani yenye unyevu na kuliwa na mnyama.

Jambo jingine ambalo Rudolphi hakuweza kuliona ni vinasaba. Jina ni moja, lakini minyoo iliyo ndani ya mbuzi mmoja haifanani. Jike moja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na katika wingi huo huwamo michache inayostahimili dawa. Ukinywesha dawa pungufu, au dawa ileile kila mara, minyoo dhaifu hufa, ile sugu hubaki na kuzaana. Usugu kwa dawa ya thiabendazole, iliyoanza kutumika mwaka 1961, uliripotiwa Marekani mwaka 1964, miaka mitatu tu baadaye.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mvua za vuli na masika zikinyesha, usiwahi kutoa mifugo alfajiri kwenye umande. Pima au kadiria vizuri uzito kabla ya kunywesha dawa. Kagua macho, uwatibu wanaohitaji, na umwulize mtaalamu wa mifugo wakati wa kubadili aina ya dawa. Tukichezea dawa tulizonazo leo, kesho tutakuwa na minyoo isiyosikia dawa yoyote dukani.