Mussorgsky alimkumbuka rafikiye, nasi tumkumbuke

Jioni moja mpwa wangu alinikuta nimekaa barazani baada ya sala ya alasiri, akanitolea simu yake nisikilize muziki. Walikuwa vijana wa Ulaya wanaopiga nyimbo za kundi la zamani la roki la Uingereza, Emerson, Lake na Palmer. Vijana hao hawatungi chao. Kazi yao ni kuwaenzi wakubwa, kuzipiga nyimbo zao kama zilivyopigwa zamani, na watu hulipa viingilio kwenda kuwasikiliza. Nikamwuliza mpwa wangu ngoma ile ni ya nani. Akanijibu, pasipo shaka, kwamba ni ya Waingereza wale watatu.

Nikamwambia sivyo. Mimi nilipokuwa barobaro niliazimwa santuri ya kundi hilo, nami nikaulizauliza hata nikamjua mwenyewe. Mwenyewe ni Mrusi, Modest Mussorgsky, aliyekufa mwaka 1881. Na yeye alipoitunga ngoma hiyo alikuwa akimlilia rafiki yake. Kisa chake kina mafunzo, wasomaji wangu, nami naona si vibaya nikakisimulia.

Mussorgsky alizaliwa tarehe 21 Machi 1839 katika kijiji cha Karevo, mkoa wa Pskov, katika jamaa ya watu wenye ardhi. Mama yake ndiye aliyemfundisha piano alipokuwa na umri wa miaka sita. Alipotimia kumi akapelekwa mji mkuu wa wakati huo, St Petersburg, kusoma, na akiwa na miaka kumi na mitatu akaingizwa katika chuo cha vijana wa jeshi la walinzi wa mfalme. Mwaka huo huo, 1852, babake alilipa gharama, muziki wa kwanza wa mwanawe ukapigwa chapa.

Mwaka 1856 alikuwa afisa kijana, mtanashati, nguo zimemkaa sawasawa, mkono mwepesi juu ya piano. Akiwa zamu katika hospitali ya kijeshi alikutana na daktari kijana, jina lake Borodin, naye pia mpenzi wa muziki. Baadaye wakajumuika na wengine watatu, Balakirev, Cui na Rimsky-Korsakov, wakawa kundi la watu watano lenye nia moja: kuutunga muziki wa Kirusi utokao katika nyimbo na hadithi za watu wao, badala ya kuwaigiza Wajerumani na Wataliana. Cui alikuwa mhandisi wa jeshi na Rimsky-Korsakov baharia. Mussorgsky mwenyewe aliacha jeshi mwaka 1858 ili ajitolee kwa muziki.

Lakini dunia haikumwachia nafasi. Mwaka 1861 mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, aliwapa uhuru wakulima waliokuwa wamefungwa na ardhi za mabwana. Haki ilikuwa ya wakulima, ila mapato ya jamaa ya Mussorgsky yakapungua sana, naye ikambidi kutafuta kazi ya ukarani serikalini. Mchana aliandika majalada, na kwa miaka mingi majalada hayo yalikuwa ya idara ya misitu. Usiku alitunga. Mwaka 1865 mama yake akafariki, na ulevi aliokuwa ameuonja tangu ujeshini ukamshika barabara. Sisi tuliolelewa huku pwani hatuna haja ya kuelezwa habari ya kinywaji hicho. Kilimla kidogo kidogo, mara akitengenea, mara akianguka, kwa miaka kumi na sita.

Ajabu ni kwamba kazi zake kubwa alizifanya katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1869 alimaliza opera ya Boris Godunov, kisa cha mfalme aliyepata kiti kwa damu ya mtoto na dhamiri yake isimpe raha. Wakuu wa michezo ya serikali wakaikataa, na sababu moja ilikuwa haina mhusika mkubwa wa kike. Akaketi akaitengeneza upya, na mwaka 1874 ikaonyeshwa katika jumba la Mariinsky. Watazamaji waliipenda. Wenye kuhakiki magazetini waliichambua vibaya, na mmoja wao alikuwa Cui, mwenziwe katika lile kundi la watano. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao, akatunzwa maneno makali.

Sasa nifike kwenye ngoma ya mpwa wangu. Mussorgsky alikuwa na rafiki aitwaye Viktor Hartmann, mchoraji wa picha na wa ramani za majumba. Mwaka 1873 Hartmann alifariki ghafla, umri wake miaka thelathini na tisa. Mwaka uliofuata rafiki yao, Stasov, alisaidia kuandaa maonyesho ya kazi za marehemu katika Chuo cha Sanaa, nazo zilizidi mia nne. Mussorgsky akaenda kutazama. Alipotoka, moyo ulimjaa, na katika mwezi wa Juni 1874, kwa muda wa majuma matatu hivi, akatunga vipande kumi vya piano, kila kimoja kwa picha moja: kibeti, ngome ya kale, mkokoteni wa ng'ombe, nyumba ya mchawi iliyosimama juu ya miguu ya kuku. Baina ya picha na picha akatia muziki wa mtu anayetembea. Mtu huyo ni yeye mwenyewe, anapita pole pole mbele ya kazi za rafiki asiyeweza tena kumsemesha.

Picha ya mwisho ni lango kubwa la mji wa Kiev. Hartmann alilichora kwa ajili ya mashindano ya kukumbuka jinsi mfalme Alexander alivyonusurika kuuawa mwaka 1866. Lango hilo halikujengwa kamwe. Katika dunia nzima limesimama mahali pamoja tu, napo ni ndani ya muziki wa Mussorgsky.

Muziki huo haukuchapishwa maishani mwake. Mwaka 1880 aliacha kazi ya serikali, na Februari 1881 akaanguka kwa maradhi. Rafiki zake walimpatia kitanda katika hospitali ya kijeshi kwa kumwandikisha kuwa mtumishi wa daktari mmoja, kwani yeye hakuwa askari tena. Katikati ya mwezi Machi mchoraji Repin alikwenda akamchora kwa siku chache: nywele timtim, pua nyekundu, macho yaliyo mbali. Mwangalie huyo, kisha umkumbuke yule afisa mtanashati wa mwaka 1856. Tarehe 13 Machi mfalme Alexander, yule aliyenusurika, aliuawa kwa bomu. Tarehe 28 Machi Mussorgsky naye akaaga dunia, juma moja tu baada ya kutimiza miaka arobaini na miwili.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kumuenzi, na hapo ndipo penye swali. Rimsky-Korsakov alizikusanya karatasi za mwenziwe, akazisahihisha, akazitia mbioni. Zile picha zikachapishwa mwaka 1886. Pasipo yeye huenda nyingi zingepotea. Lakini alipoona jambo asilolipenda, aliona ni kosa, akalinyoosha, na kwa miaka mingi dunia ilimsikia Mussorgsky aliyenyolewa na kupakwa mafuta. Baadaye wataalamu walirudi kwenye maandishi ya asili, wakagundua kuwa mengi yaliyodhaniwa makosa ndiyo yaliyokuwa ufundi wake.

Mwaka 1922 Mfaransa Ravel alizigawa zile picha kwa vyombo vya okestra nzima, na hivyo ndivyo wengi wanavyozijua. Kisha wakaja Waingereza wetu. Tarehe 26 Machi 1971, zikiwa zimebaki siku mbili kutimia miaka tisini tangu mwenyewe kufa, walizipiga mjini Newcastle kwa vinanda vya umeme na ngoma za kishindo, na upigaji huo ndio uliotiwa katika santuri. Walichukua picha nne tu na ule mwendo wa miguu, wakaongeza vipande vyao na maneno ya kuimba. Hata hivyo waliipa santuri jina lile lile la Mussorgsky, Picha Katika Maonyesho, hawakuficha walikotoa.

Keith Emerson na Greg Lake walifariki wote wawili mwaka 2016. Carl Palmer, mpiga ngoma, alibaki akizunguka na wanamuziki wengine kuzipiga kazi za kundi lao. Basi tazama mnyororo ulivyo: vijana wa leo wanawaenzi Waingereza, Waingereza walimpiga Mrusi, naye Mrusi alimlilia Hartmann.

Mimi simlaumu anayeipiga kazi ya marehemu kwa namna yake. Lakini kazi ya mtu aliyekufa ni amana. Ukiipunguza au ukiiongeza, sema umefanya hivyo. Na jina la mwenyewe lisikutoke mdomoni, kwani yeye hana tena ulimi wa kudai.

Nilipomaliza, mpwa wangu aliirudisha ile ngoma mwanzo. Tukaisikiliza tena, kimya, mpaka langoni, na adhana ya magharibi ilipokaribia akaizima. Tulipoinuka aliniuliza jina la yule mchoraji. Nikamtajia: Viktor Hartmann.