Patrice Lumumba na Mawe ya Shinkolobwe

Ukifika mjini Unguja utaiona skuli kubwa inayoitwa Lumumba. Wakati wa ukoloni ilikuwa na jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipewa jina la Lumumba. Huenda mtoto wako amesoma hapo, au mtoto wa jirani yako. Lakini je, unamjua Lumumba mwenyewe? Hakuwa mtu wa Unguja wala wa Pemba. Alikuwa mtu wa Kongo. Aliuawa akiwa na umri wa miaka 35.

Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, jimbo la Kasai. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma katika skuli za misheni, lakini elimu yake kubwa aliipata kwa kujisomea mwenyewe. Alisoma vitabu usiku baada ya kazi, kama wengi wenu mnavyofanya sasa. Alijua Kifaransa, Kilingala na Kiswahili, pamoja na lugha ya kwao, Kitetela. Akawa karani wa posta katika mji wa Stanleyville, ambao sasa unaitwa Kisangani.

Sasa tumwache Lumumba kidogo, tutazame jiwe.

Kusini ya Kongo kulikuwa na jimbo la Katanga hadi mwaka 2015. Watu wa huko wanasema Kiswahili, ingawa Kiswahili chao si sawasawa na chetu. Mahali panapoitwa Shinkolobwe, mwaka 1915, yaligunduliwa madini ya urani. Urani ni madini mazito sana. Ukiisafisha inakuwa nzito kuliko risasi, ile tunayofanyia chubwi za mishipi ya kuvulia. Ndani yake kuna nguvu ya ajabu. Kilo moja ya urani katika kinu cha nyuklia inaweza kutoa joto kupita tani 10 za makaa ya mawe. Joto hilo huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo, na mtambo hutoa umeme. Lakini nguvu hiyo hiyo inaweza kufanywa bomu.

Urani ya Shinkolobwe ilikuwa bora kuliko ya nchi nyingine zote. Waafrika waliichimba, na kampuni ya Kibelgiji iitwayo Union Minière iliimiliki. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mkubwa wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Lumumba wakati huo alikuwa kijana wa miaka 15. Mwaka 1942 Wamarekani waliyanunua mawe hayo kwa siri. Tarehe 6 Agosti 1945 walitupa bomu juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka Kongo. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Sengier alipewa nishani na Serikali ya Marekani. Wachimbaji hawakuambiwa hata mawe yale yalikuwa ya kazi gani.

Mwaka 1959 Kongo ilipata kinu kidogo cha nyuklia, cha kwanza katika Afrika nzima. Kilijengwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kilikuwa cha kusomea na kufanyia utafiti tu. Hakikuwasha hata taa moja ya kijiji. Na urani ya kukiendesha ilitoka Marekani, ikiwa imetengenezwa na kupimwa. Tazama mambo hayo, msomaji. Mawe yaliondoka Kongo kwa maelfu ya tani. Yaliporudi, yalirudi kama dawa ya hospitali, kwa kipimo cha daktari.

Turudi kwa Lumumba. Mwaka 1956 alifungwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta. Alipotoka alihamia Leopoldville, akafanya kazi ya kuuza bia. Mwaka 1958 yeye na wenzake waliunda chama cha MNC, chama kilichotaka Kongo iwe nchi moja, si nchi ya makabila. Desemba mwaka huo alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika nzima. Alirudi akidai uhuru bila kungoja. Wabelgiji wakamfunga tena, kisha wakalazimika kumtoa, kwa sababu mazungumzo ya uhuru hayakuweza kwenda bila yeye.

Chama chake kilipata viti vingi kuliko vingine. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru, na Lumumba akawa Waziri Mkuu. Siku hiyo Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisifu kazi ya ukoloni. Lumumba hakuwekwa katika orodha ya wasemaji. Hata hivyo alisimama, akasema mbele ya mfalme juu ya viboko, matusi na kazi za kulazimishwa.

Haikupita wiki, askari wakaasi. Tarehe 11 Julai jimbo la Katanga likajitenga chini ya Moïse Tshombe, na Wabelgiji wakamsaidia. Katanga ndiko kuliko na shaba, kobalti na urani. Mgodi wa Shinkolobwe ulikuwa umefungwa kabla ya uhuru, lakini Marekani haikutaka mawe yale yaangukie mikononi mwa Urusi. Lumumba aliomba msaada Umoja wa Mataifa, kisha Washington. Hakupata alichotaka. Alipopokea ndege na magari kutoka Urusi, wakubwa wa Magharibi waliamua kwamba ni mtu wa hatari.

Hata sisi Unguja tulifikiwa na ugomvi huo wa wakubwa. Mwaka huo huo wa 1960 Wamarekani walikubaliwa kujenga Tunguu kituo cha kufuata vyombo vya angani. Kulikuwa na upinzani mkubwa, maana watu waliogopa kuingizwa katika vita vya makombora. Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi iliwataka wakiondoe.

Septemba 1960 Rais Kasavubu alimfukuza Lumumba, kisha Kanali Mobutu akashika madaraka. Lumumba alizuiwa nyumbani. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka. Inasimuliwa kuwa alikwisha vuka mto Sankuru, akarudi kwa ajili ya mkewe Pauline na mtoto wao waliobaki ng'ambo, na hapo akakamatwa. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa sana, na usiku ule ule wakapigwa risasi. Maofisa wa Kibelgiji walikuwapo.

Mwaka 1968 mataifa yalifanya mkataba juu ya silaha za nyuklia. Nchi 5 tu zilitambuliwa kuwa nazo: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Nchi nyingine zilizotia saini zinaweza kuwa na vinu vya umeme, lakini hukaguliwa. Mimi naona hofu ya bomu ni ya haki. Lakini mwenye jiwe naye alistahili kukaa barazani, asiletewe habari baada ya watu kuondoka. Kwetu Tanzania urani iko Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma.

Mwaka 1975 wabunge wa Marekani walithibitisha kuwa shirika lao la ujasusi lilipeleka sumu Kongo ili Lumumba auawe, ingawa haikutumika. Mwaka 2002 Ubelgiji iliomba radhi. Maiti yake iliharibiwa kwa tindikali, na polisi mmoja wa Kibelgiji alibaki na jino lake. Juni 2022 jino hilo lilirudishwa kwa watoto wake. Lilizungushwa Kongo ndani ya jeneza, likafika Onalua alikozaliwa, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, siku ya uhuru.