Charles Kettering, Bwana wa Cheche

Wenzangu, leo nawasimulia habari za Charles Kettering, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1876. Macho yalimsumbua mno hata akaacha chuo kikuu. Lakini wapi, hakukata tamaa! Alirudi, akahitimu mwaka 1904. Baadaye, akishatoka kazini jioni, alijifungia na wenzake katika banda la rafikiye Edward Deeds mjini Dayton, wakiunda mtambo wa kuwasha petroli ndani ya injini. Pointi zikiachana, umeme wa betri hukatika kwenye koili, na papo hapo cheche huruka katika plagi. Magari ya Cadillac ya 1910 yaliutumia mtambo huo. Kettering alifariki mwaka 1958. Mimi nasema, banda tusilidharau, wala macho mabovu si mwisho wa masomo.